Umande wa Shimo la Saba

Dada wa ofisi ya utumishi pale hotelini aliniomba niandike kurasa chache za kumbukumbu, zisomwe na vijana wanaoanza kazi ya nyasi. "Andika mambo mazuri, mama," akaniambia, "ya kuwatia moyo." Nimekaa na kalamu siku nne. Mambo mazuri yapo na nitayaandika. Lakini mjue tangu hapa juu kwamba naandika nikiwa na hasira, na kila nikiifukuza inarudi kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Elimu yangu ni darasa la saba. Mkikuta nimekosea neno, rekebisheni. Mkikuta nimemwonea mtu, njooni nyumbani mniambie, nitafuta.

Habari za vyeo naziruka. Nilianza na ufito na nikamaliza na ufito, katikati nikapewa fulana yenye jina langu kifuani, limekosewa herufi moja.

Siku ya kwanza nilifika na kanga mbili na sweta la mume wangu. Ilikuwa Juni, na nyie mnaujua ukungu wa Juni huku juu ya Moshi, unaingia mpaka kwenye soksi. Shamba la zamani la kahawa lilikuwa limegeuzwa uwanja wa gofu, na hoteli katikati. Miti mikubwa iliyokuwa inaipa kahawa kivuli iliachwa, na msitu wa bonde la mto upande wa juu haukuguswa. Wageni walijaa kuanzia Juni hadi Agosti kwa sababu kwao ndiyo kiangazi. Walikaa wiki mbili, wiki tatu, asubuhi wanatembezwa msituni kuangalia wanyama, mchana wanapiga mpira, jioni wanakaa barazani wamejifunga mablanketi wakisema wako likizo ya kiangazi. Mmoja alimuuliza Godlisten, kiongozi wa matembezi, jua la Kilimanjaro limekwenda wapi. Godlisten akamjibu bila kucheka, "Limeshuka Kahe, kule tambarare, litapanda Septemba."

Aliyenipokea ni msimamizi wa nyasi, Mzee Eliufoo. Wote tulimwita Meku, yaani mzee wa heshima kwa Kichagga, ingawa siku hizo hata mvi hakuwa nazo za kuhesabika.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Umewahi kupiga umande?"

"Nimepiga ng'ombe, Meku. Umande bado."

Akacheka, akanipa ufito wa mwanzi, mrefu kuliko watu wawili, mwembamba nchani. Alikuwa ameukata mwenyewe kihambani kwake, shamba la migomba la nyumbani, na kuukausha juu ya moshi wa jiko.

Kwa mgeni wa kazi hii nieleze. Grini ni pale penye nyasi fupi kama zulia, ambapo lipo shimo lenyewe na bendera yake. Umande ukilala pale mpaka jua lipande, nyasi zinashika kuvu, na baada ya siku mbili unaona madoa ya kahawia kama mtu amemwaga chai. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya mashine, mtu anapita na ufito akiuchezesha kushoto na kulia, umande unaruka. Nguvu inatoka kwenye kiwiko cha mkono, si kwenye bega. Mimi nilitumia bega. Kufika Ijumaa sikuweza kuinua sufuria, mume wangu akapika, na hilo nalo ni tukio.

Lakini siku ile ya kwanza, nilipoinua ufito, Meku alinishika mkono.

"Simama. Kabla hujafuta, soma."

Nikatazama. Grini yote ilikuwa nyeupe kwa umande kama kitambaa cha altare, na juu yake kulikuwa na mistari ya kijani iliyokolea, mahali ambapo miguu ilipita na kuangusha matone.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mbwa."

"Mbwa anatembea kwenye mstari ulionyooka hivi kama anakwenda benki? Huyo ni kanu, yule kama paka mwenye mkia mrefu. Na huyu?"

"Mbuzi mdogo."

"Mbuzi mdogo halali msituni. Ni paa. Kasimama hapa, unaona? Kasikiliza kitu, kisha karuka."

Macho yake ya karibu yalikuwa yamechoka, hivyo akatoa daftari mfukoni akanipa mimi niwe mwandishi. Na akanipa sheria moja, ambayo nawaomba muishike vizuri kwa sababu habari yangu yote imefungwa kwenye sheria hiyo. "Andika ulichokiona. Ulichofikiri, weka mfukoni."

Mwaka wa kwanza niliandika daftarini, "Chui kapita, mchanga wa shimo la pili."

"Ulimwona?" akauliza Meku.

"Niliona mguu."

"Basi andika mguu."

Nikafuta, nikaandika "mguu mkubwa". Siku tatu baadaye tulimkuta mwenye mguu. Alikuwa mbwa wa jirani, amenenepa kwa mabaki ya hoteli. Tangu siku hiyo niliishika sheria ile kama katekisimu.

Kazi ngumu zilikuwepo. Nungunungu alichimba grini ya nne usiku baada ya usiku, na ofisi ikataka sumu. Meku aliomba muda. Tulipiga magoti tukafukua kwa vijiko vya jikoni, tukakuta mabuu meupe chini ya nyasi, manene kama vidole. Tuliyaokota siku nane, ndoo kwa ndoo. Nungunungu hakurudi. "Mnyama hana kosa, Aikande," Meku aliniambia, "ana sababu. Itafute." Mkisahau yote ya kurasa hizi, hilo lisahauni mwisho.

Matembezi ya wageni yalikua kutokana na daftari lile, na hili nalisema bila kujisifu kwa sababu Godlisten mwenyewe anakubali. Kila asubuhi alikuja kwenye banda letu la vifaa, "Haya mama, gazeti linasemaje?" Namsomea. Anawachukua wageni wake na kuwaambia ukweli: paa wawili wamepita hapa alfajiri, wameelekea mtoni, labda tutawaona, labda hatutawaona. Wageni walitembea kwa kunyata kama wanaingia kanisani wamechelewa. Wengi hawakuona kitu zaidi ya mbega juu kabisa kwenye miti, wameanika matumbo wakisubiri jua. Walirudi wamefurahi.

Kisha akaja Meneja.

Nataka nimtendee haki. Alipokuja, wanawake tulikuwa tunajisaidia nyuma ya banda. Yeye ndiye aliyetujengea choo chenye mlango na komeo. Alitupa mabuti. Alijua majina ya watoto wetu na akawauliza wanaendeleaje. Nimeandika hayo kwanza ili msije mkasema mama huyu anakumbuka ubaya tu. Naweza kukumbuka choo na bado nikakasirika.

Tatizo lake lilikuwa neno "labda". Hakulipenda. "Mgeni hakuvuka bahari kuja kuangalia labda," alimwambia Godlisten mbele yetu. Akaweka ubao mapokezi: Mbega, shimo la saba, saa moja na nusu asubuhi. Kama treni. Mbega hawakusoma ubao. Walikaa juu kwenye miti yao wakila majani, na wageni wakaanza kunung'unika.

Sasa nafika kwenye kitu chenyewe.

Siku moja mchana nilikuwa nyuma ya banda la pampu nasafisha meno ya reki. Upande wa pili wa bati nikasikia sauti ya Meneja. "Kesho asubuhi kabla ya saa moja, weka ndizi mbivu pale shimo la saba, kwenye kisiki. Kila siku."

Na sauti ya Meku: "Bosi, mbega hali ndizi. Hapo utamwita nyani."

"Weka."

"Nyani akizoea mkono wa mtu hazuiliki tena, bosi. Na vihamba vya watu viko hapo chini."

"Mzee Eliufoo, hili siyo ombi. Ni kazi."

Nikasikia viatu vinaondoka. Nilibaki na reki yangu. Sikutoka.

Asubuhi yake nilikuwa shimo la saba na ufito. Meku akaja na kichane cha ndizi kisukari, akakiweka juu ya kisiki, akaondoka bila kunitazama. Nikatoa daftari. Niliandika nilichokiona: "Ndizi mbivu, shimo la saba, kaweka Meku." Niliyoyasikia sikuyaandika. Nilijiambia, uliona uso? Hukuona uso, uliona bati. Sheria ni sheria. Nikaandika hivyo kesho yake, na kesho kutwa, asubuhi tisa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sheria au ilikuwa woga uliovaa nguo za sheria. Nimejiuliza sana. Nadhani vilikuwa vyote viwili, na woga ndio uliotangulia.

Siku ya nne umande ulionesha mikono ya nyani, mingi, mpaka grini ikawa kama uwanja wa mpira wa shule. Siku ya kumi nyani dume alimpokonya bibi mmoja mgeni mkoba akamkwaruza mkono kuanzia kiwiko hadi kidoleni. Mchana ule ule kundi lilishuka vihambani, likavunja migomba ya majirani na kuingia jiko la mama mmoja, likamwaga maziwa aliyotaka kuyapeleka sokoni Bomang'ombe. Majirani walikuja getini na mapanga. Nyani hakuwa na kosa. Alikuwa na sababu, na sababu alipewa kwenye kisiki.

Wakubwa wawili wa kampuni walikuja kuuliza. Niliitwa na daftari. Niwaambie aibu yangu: nilivaa gauni la kanisani. Miaka yote hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kulifungua daftari lile, na leo linaitwa kwa jina! Nikasoma kwa sauti, nikitua kwenye vituo kama nasoma somo la Jumapili.

"Nani aliweka ndizi?" akauliza mkubwa mmoja.

"Meku. Mzee Eliufoo."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Meku alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia magotini. "Sijakataa kwamba niliweka," akasema. "Nilitumwa."

"Na nani?"

Meku akamnyooshea kidole Meneja, aliyekaa kando ya wakubwa. Meneja hakupaza sauti. Aliniuliza mimi, kwa upole kabisa, "Mama Aikande, wewe huandika kila kitu. Kuna mahali umeandika kwamba mzee alitumwa?"

"Hakuna."

"Uliona mtu anamtuma?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi ya kutosha, hata mtu mwenye kigugumizi angeitumia.

"Sikuona," nikasema.

Na lilikuwa kweli! Hilo ndilo linaloniwasha. Neno lile kwenye mizani lilikuwa kweli tupu, na kwa neno hilo wakubwa waliwaambia majirani kwamba mfanyakazi mkorofi ameshafukuzwa. Meku alitoka siku ile ile. Alipotaka kuchukua ufito wake, mlinzi alimwambia ni mali ya kampuni. Mwanzi wa kihambani kwake! Getini wakabandika karatasi yenye jina lake: asiruhusiwe kuingia, amelisha wanyama pori. Ufito nikapewa mimi, pamoja na ile fulana.

Miaka sita nilipita mbele ya karatasi ile asubuhi na jioni. Ikichakaa kwa mvua, walichapa nyingine. Ubao wa mbega uliondolewa kimya kimya wiki ile ile, na asiyeelewa maana yake ni yule asiyetaka. Meku hakujua kwamba nilikuwa nyuma ya bati. Hakuna aliyejua. Ufito nikaupaka mafuta ya nyonyo kila mwezi, kana kwamba hiyo ni fidia.

Siku ya kuniaga Meneja alisimama na soda mkononi. "Mama Aikande," akawaambia vijana, ninyi ninyi, "hajawahi kuandika neno la uongo. Tunaomba madaftari yake, tuyaweke mapokezi kwenye kabati la kioo, wageni wayaone." Mkapiga makofi. Siwalaumu, hamkujua. Mimi nilihisi damu imepanda mpaka masikioni. Akaniuliza, nikipewa nafasi, ningependa zawadi gani. Mezani palikuwa na saa ya ukutani imefungwa tayari kwenye karatasi ya maua.

"Naomba ule ufito."

Akacheka. "Fimbo tu, mama? Chukua."

Sijui kama alikumbuka ni wa nani. Siwezi kuandika nisichokijua.

Kesho yake nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, nikalifunga fundo kama mama mkwe alivyonifundisha. Kwa asiye wa huku: ukimkosea mtu ukamletea isale, hawezi kukukatalia msamaha. Nikabeba na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, nikaweka ufito begani, nikapanda Machame kwa Meku. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Mae! Umekuja na silaha?"

"Ni ya kwako, Meku."

Aliupokea, akaupima kwenye kiganja, akautikisa kidogo. Kisha akaliona jani, akauweka ufito chini. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama.

"Ulikuwa nyuma ya bati," akasema.

"Ndiyo."

"Upande wa pampu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulinisikia nikisema mbega hali ndizi."

"Nilisikia, Meku. Na nyani, na vihamba. Nilisikia yote."

Akakaa juu ya mzigo wa majani. "Miaka sita," akasema, "mke wangu ananiuliza kama kweli nilitumwa. Pasaka hii ameniuliza tena. Siyo kwa ubaya. Anauliza tu." Kisha akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, "Mama! Njoo hapa usikie!"

Mkewe akatoka na mwiko mkononi. Ikanibidi niseme tena, kuanzia reki mpaka "sikuona". Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mama yule alinitazama, akamtazama mumewe, akageuka na kurudi jikoni. Tulisikia sufuria inawekwa kwa nguvu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nimemuuliza kila mwaka," akaniambia. "Wewe ungeweza kunijibu kila mwaka." Akaniwekea bakuli la mtori kwenye kigoda. "Kula. Simaanishi tumemaliza."

Nilikula. Nilistahili zaidi ya hapo.

Meku alikuwa amelishika isale. "Hili nimelipokea. Mila hainipi nafasi ya kukataa, na ulijua hivyo ulipolikata."

"Nilijua."

"Huo ni ujanja."

"Ni ujanja, Meku."

Akacheka kidogo, si kwa furaha. Ndipo hasira yangu ikaniponyoka, nikamwambia kitu ambacho sikuwa na haki ya kumwambia: "Lakini sheria ilikuwa ya kwako! Ulichokiona tu, ulisema!"

"Nilikufundisha habari za wanyama," akasema. "Mnyama hasemi, ndiyo maana tunatazama mguu. Mtu anasema, Aikande. Mtu unamsikiliza." Akalifungua fundo la jani polepole. "Sasa isale limemaliza ya kwangu na wewe. Karatasi ya getini haijui isale."

Jumatatu nikarudi hotelini na madaftari yote kumi na saba kwenye kiroba. Nikamwambia Meneja atayapata kwa sharti moja: karatasi ya getini itoke, na ndani ya kioo daftari la mwaka ule likae wazi kwenye ukurasa wa ndizi, na mstari mmoja ninaouongeza mimi. Nikamsomea mstari. Hakukasirika. Alisema mambo ya zamani hayamsaidii mtu, kwamba niko mzee na kumbukumbu huchezacheza, na kwamba wageni hawatauelewa.

Inawezekana kumbukumbu yangu inacheza. Nimeijaribu. Mpaka leo naweza kuwaambia meno ya reki ile yalikuwa kumi na manne na moja limepinda.

Nikabeba kiroba changu nikaondoka. Getini karatasi ilikuwa palepale. Niliibandua mimi, mchana, mlinzi akiangalia. "Mama, nitaandika nini kwenye kitabu cha geti?" akaniuliza.

"Andika ulichokiona," nikamwambia. "Na nilichosema: nimesema ni ya uongo."

Kwa hiyo hizi ndizo kumbukumbu mlizoomba. Kama ofisi itawapa, mtazisoma. Kama haitawapa, nakala ya pili iko kwa Godlisten. Pigeni umande kwa kiwiko, si kwa bega. Someni kabla ya kufuta. Na mstari wenyewe, nimeuandika kwa kalamu nyekundu chini ya ule wa kwanza, ndio huu:

"Ndizi mbivu, shimo la saba, kaweka Meku. Alikataa, akaamriwa na Meneja. Sikuona. Nilisikia."